Ufa nilioupaka rangi

Nilipaka rangi juu ya ufa, nikijua kuwa ni ufa. Natanguliza neno hilo kwa sababu kwa muda mrefu kila aliyeniuliza nilimjibu kwamba sikuuona. Niliuona. Nilipitisha ukucha juu yake, ukucha ukakwama, kisha nikafungua kopo la mastiki.

Kazi yangu hapa Sake, mashariki mwa Kongo, ni kupulizia magari rangi. Anayeujua mji wetu anajua kwa nini jante za alu, yaani rimu za alumini, haziniishi mikononi. Tuko penye njia panda: barabara moja inakwenda Goma, mwendo wa kilomita kama 25, nyingine inafuata ziwa Kivu kuelekea Minova na Bukavu, nyingine zinapanda Masisi na Kitchanga. Malori ya makaa, ya kabichi na ya viazi hayapishi mtu. Gari dogo likibanwa husogea pembeni, na pembeni kuna jiwe jeusi la volkano, lile lile tunalojengea nyua. Bordiri ya saruji ya mjini Goma huichubua jante. Jiwe la volkano huichimba.

Tarehe 22 mwezi wa tano mwaka 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, na siku chache baadaye watu wa Goma wakaamriwa kuhama. Wengi walikimbilia kwetu. Magari yalijaa Sake hadi pakakosekana pa kugeuzia. Watu walipanda juu ya mawe ili mradi wapite. Hofu ilipopungua, wenye magari wakaanza kuniletea jante zilizokwaruzwa, na mimi nikaanza kujiita fundi wa jante. Nilikuwa nimezoea milango na bampa. Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia, kabla hata ya ule ufa: niliichukulia jante kama mlango. Mlango haubebi gari. Mlango ukiupaka vibaya, aibu ni ya macho tu.

Kukwangua na kupaka nilikujua vizuri, nalisema bila kujisifu. Unaosha jante mpaka vumbi la breki litoke, kisha unaifuta kwa thina, kwa sababu yale mafuta ya kung'arishia pine, yaani tairi, yakibaki hata kidogo, rangi inafanya vishimo-vishimo. Unachomeka karata za kuchezea kati ya pine na jante, mzunguko mzima, ili pine isipate rangi. Unapiga msasa mkavu, wa kukwaruza kwanza, kisha laini, kisha laini zaidi, ukipanua eneo mpaka kidole kisihisi ngazi kati ya rangi ya zamani na chuma kitupu. Alumini ikiwa wazi hujivika utando mwembamba mara tu inapokutana na hewa, kwa hiyo rangi ya kwanza lazima iwe ile ya kung'ata chuma. Ukiweka rangi ya ukutani itabanduka kama gamba. Halafu tabaka nyepesi nyepesi, na verni mwishoni. Asubuhi mapema usiguse verni: unyevu wa ziwa unaifanya iwe na ukungu mweupe. Unasubiri jua lipande.

Mastiki ina mahali pake katika kazi hiyo. Inajaza kishimo kidogo cha juu juu. Haiongezi nguvu yoyote, na fundi yeyote wa rangi analijua hilo.

Sasa jante yenyewe. Mwenye gari alikuwa anauza. Aliniletea gari asubuhi, mnunuzi akitarajiwa jioni, akanipa malipo ya awali ambayo niliyamaliza palepale kwa kununua rangi na kulipa deni dogo la nyumbani. Jante tatu zilikuwa na michubuko ya kawaida. Ya nne, ya mbele kulia, ilikuwa na alama ndefu kwenye mdomo. Nikaanza msasa. Mchubuko ukiupiga msasa unafunguka, kingo zake zinalala, unazidi kupungua mpaka unapotea. Hii haikupotea. Ilibaki mstari mweusi, mwembamba vilevile, ulionyooka kutoka mdomoni na kuingia chini ya pine, mahali ambapo jicho halifiki. Nilijua maana yake. Nilipaswa kuitoa jante, kuipeleka kwa fundi wa pine aivue, niangalie upande wa ndani. Siku ingeisha. Mwenye gari angelazimika kutafuta jante nyingine, na kwangu kazi ingekuwa imekufa.

Nilikoroga mastiki na dawa yake ya kukaza, kiasi cha ncha ya kijiko. Nikaisukumiza kwa kadi ndani ya ule mstari. Ikakauka, nikailainisha, nikapuliza rangi ya fedha, nikapuliza verni. Sisi tumelelewa na ile methali ya kuziba ufa usije ukajenga ukuta. Kwenye jante, kuziba kwa nje ndiko kunakoangusha ukuta, maana ufa unaendelea kutembea chini ya rangi na hakuna anayeuona tena. Jioni mwenye gari alipitisha kiganja, akasema, “Fundi, umeifanya mpya.” Nikapokea pesa iliyobaki. Yeye hakujua lolote. Nataka hili lieleweke, kwa sababu baadaye watu walimsema vibaya, na mimi nilikuwa nimekaa nao nikisikiliza.

Aliyenunua gari ni mwalimu, anayefundisha upande wa barabara ya ziwa. Niliyoyajua baadaye ni haya: pine ya mbele kulia ilikuwa ikipoteza hewa taratibu, naye kila baada ya muda akawa anasimama kuongezewa. Mtu mmoja akamshauri atie mpira wa ndani, kama wengi wafanyavyo kwetu jante ikivuja. Akatia. Hewa ikatulia. Ushauri ule ulitolewa kwa nia njema, lakini ulifuta dalili ya mwisho ambayo rangi yangu ilikuwa imeiacha.

Walikuwa wakitoka Bweremana wakirudi, yeye na mkewe, gurudumu likaingia kwenye shimo. Kipande cha mdomo wa jante kikang'oka, mpira wa ndani ukapasuka, usukani ukamponyoka, gari likagonga ukingo wa upande wa mlima. Upande wa pili ni ziwa. Mkewe alivunjika kifundo cha mkono.

Mwalimu aliniletea jante ile bila kujua kuwa imewahi kupita kwangu. Aliiweka chini mbele yangu, akasema, “Kaka, wamenielekeza kwako. Hii inaweza kuchomelewa?”

Niliigeuza. Mahali ilipokatika palikuwa na rangi mbili. Sehemu moja ilikuwa nyeusi, imejaa uchafu na vumbi la breki: huo ndio ufa wa zamani, uliokuwa wazi siku nyingi. Sehemu nyingine ilikuwa nyeupe, yenye chembe zinazometa, chuma kilichokatika siku ile. Na juu, kwenye ukingo wa ile sehemu nyeusi, kulikuwa na utepe wa mastiki ambao bado ulikuwa umeshikilia. Niliutambua mara moja kama mtu anavyotambua mwandiko wake.

Nilimweleza kwamba haichomeleki, kwamba jante za alu hupewa ugumu wake kwa moto uliopimwa kiwandani, na moto wa kuchomelea unalegeza chuma pembeni ya pale ulipochoma. Ni kweli yote. Niliyasema kwa sauti ya mtaalamu, nikamwambia atafute nyingine Birere, mjini Goma, na nikamwacha aende. Namwomba radhi kwa ule ufa, lakini usingizi ulinipotea kwa sababu ya dakika zile. Siku ya kwanza niliweza kujidanganya kuwa ufa hautafika mbali. Siku hii jante iliyovunjika ilikuwa mapajani mwangu.

Nilimwendea mzee mmoja wa kanisa letu, nikamwambia kila kitu, nikamwomba anisindikize. Kwetu mtu haendi peke yake na jambo la namna hiyo. Mwalimu alitukaribisha. Nilipomaliza kusema, mkewe, mkono ukiwa bado kwenye plasta, aliniuliza jambo moja tu: “Ulikuwa unajua?”

“Ndiyo, Mama. Nilijua.”

Aliinuka akaingia ndani. Mwalimu alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kuhusu jante tatu zilizobaki. Sikuwa nimeziwaza. Tulitoka tukainua gari kwa kriki, tukazivua zote, na fundi wa pine akazitenganisha. Ufa hatukuukuta. Lakini kwenye moja tulikuta rangi yangu imejaa ndani ya matundu, pale nati zinapokalia. Nati ikibana juu ya rangi, rangi inaminywa na kumomonyoka, na nati inabaki imelegea. Nati mbili zilizunguka kwa nguvu ya mkono. Nilikwangua mpaka chuma, nikakaza kwa spana ya msalaba, nikamwambia azikaze tena baada ya safari ya kwanza ya Goma na kurudi. Jante ya badala niliinunua mimi, na gharama ya hospitali niliilipa kidogo kidogo mpaka ikaisha. Mkewe hajarudisha salamu yangu, na simdai.

Tangu hapo sipaki jante ambayo bado ina pine. Wateja wengine wananiona msumbufu, wanakwenda kwingine. Waende.

Ninaandika kwa sababu sina njia nyingine ya kuwafikia wenye jante nilizopaka. Vita vilipoisogelea Sake mwezi wa pili wa 2024, mji ulihama. Nami nilikimbia, nimerudi, lakini magari niliyoyapaka yametawanyika Goma, Bukavu na kwingineko, mengi yakiwa mikononi mwa watu wasiolijua jina langu. Ule ndio ufa niliouficha nikijua. Jante nyingine nilizozipaka mwaka 2021 na 2022, sikuwahi kuangalia mgongo wa hata moja. Kama gari lako lilipakwa jante Sake katika miaka hiyo, jante za rangi ya fedha, na kuna pine inayopoteza hewa bila msumari, usiitie mpira wa ndani. Vua gurudumu. Osha upande wa ndani wa jante, uumwagie maji ya sabuni pine ikiwa imejaa hewa, uangalie mapovu yanatokea wapi, kisha vua pine yenyewe na ukague mdomo mzunguko mzima. Ukikuta ufa, jante hiyo itupe. Ukiweza kufika Sake, ilete kwangu: kuivua na kuikagua hutalipa kitu, na ikiwa ni kazi yangu, nyingine nitainunua mimi.