Bahati Nasibu ya Vifuniko

Ligi yetu ya kubuni ina timu nane: nne za vijana wa Kibera, nne za Kawangware. Tunagawana wachezaji wa Ligi Kuu ya Uingereza, na mchezaji akishachukuliwa, hakuna mwingine wa kumgusa. Zamani aliyeshika mkia ndiye aliyechagua kwanza msimu uliofuata. Basi kila Mei watu walishindana kushindwa! Jamaa mmoja alipanga majeruhi watupu, akimvizia Haaland.

Nikapendekeza dawa kutoka Marekani. NBA, ligi ya mpira wa kikapu, ilianza bahati nasibu mwaka wa 1985. NHL, ya hoki ya barafu, ikafuata 1995. Sisi tulitumia vifuniko vya soda: wa nane vinne, wa saba vitatu, wa sita viwili, wa tano kimoja. Tukavitia kofiani pale Toi.

Wa nane alikuwa kijana wa Gatina. Huyu hakujiangusha; alitegemea simu ya mamake, nayo hushinda sokoni. Kikatoka kifuniko cha wa sita.

"Sasa mimi niliiba nini?" akauliza.

Sikuwa na jibu. Lakini Mei iliyofuata, hakuna aliyepanga majeruhi.