Kalamu Nyekundu na Daftari la Msibani

Sisi tuliosoma anthropolojia ya lugha katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 tuliingia chuo kikuu tukiwa watu wazima. Nchini Tanzania, Azimio la Musoma la 1974 lilikuwa limeifunga njia ya kutoka kidato cha sita moja kwa moja hadi chuoni: ulipita Jeshi la Kujenga Taifa, ukafanya kazi, ndipo ukaitwa mwanafunzi. Azimio hilohilo lilipunguza enzi ya mtihani mmoja wa mwisho, likataka na kazi za kila siku zihesabiwe. Kwa hiyo tulipotumwa kwenda kuwasikiliza watu wanavyosema, tulikwenda tukiwa tumekwisha kulima nao, kuwafundisha watoto wao na kuzika nao. Hilo halikutuzuia kukosea, ila lilikuwa limetuzoesha kukaa na watu bila haraka.

Kazi yangu ya kwanza niliifanya msibani, Uzaramoni, nikiwa na kinasa sauti cha kaseta begani. Mtani wa marehemu aliingia akiwakejeli wafiwa, akamwita marehemu mvivu aliyekimbia madeni, akalizuia jeneza lisitoke mpaka alipwe. Nilinukuu kila neno na kuchanganua kila kitenzi, kiambishi kwa kiambishi. Mwalimu wangu hakuigusa sarufi yangu. Pembeni aliandika kwa wino mwekundu: nani alicheka, na nani alinyamaza? Alama alizonipa zilikuwa za chini, nami sikuwa na jibu, maana macho yangu yote yalikuwa kwenye mashine. Nilirudi, nikaketi na yule mtani, nikamsikilizisha kaseta. Akanieleza kwa upole kwamba yale hayakuwa matusi, kwa kuwa yeye ndiye mwenye haki ya kuyasema. Na kwamba mdogo wa marehemu alipotabasamu, ndipo alipojua kazi yake imekwisha. Tabasamu lile halikuwamo katika kaseta.

Dell Hymes, Mmarekani aliyeandika kuhusu umilisi wa mawasiliano mwaka 1972, alilieleza kitaalamu jambo lilelile: kuijua lugha ni kujua pia nani aseme, amwambie nani, wapi, na lini anyamaze. Wanafunzi wa leo wanavijua vipengele vyake vinane vya tukio la mazungumzo, na nimesahihisha majibu yaliyovitaja vyote bila kosa. Swali la namna hiyo lina haki yake. Lakini linapima kumbukumbu, na somo hili linafundisha sikio.

Siwalaumu wahadhiri vijana. Sisi tulikuwa wachache, mwalimu akiujua mwandiko wa kila mmoja wetu. Wao husimama mbele ya ukumbi uliojaa hadi milangoni, na matokeo yanasubiriwa. Simu za wanafunzi wao hunasa sauti safi kuliko mashine zetu, ila saa moja ya mazungumzo bado humla mtu siku nzima kuinukuu vizuri. Ninachowaomba ni kidogo: mwanafunzi alete dakika tano tu za mazungumzo, awe amekwisha kuwarudia walioyasema akawasikilizisha, na masahihisho yao yawemo ndani ya kazi anayoiwasilisha. Msahihishaji wa kwanza awe msemaji mwenyewe.

Mwaka jana mwanafunzi mmoja alinionyesha daftari la namna hiyo. Bibi yake alikuwa ameletewa kanga na jirani. Akalisoma jina la kanga, yaani msemo ulioandikwa juu yake, akashukuru, akaikunja na kuitia sandukuni. Mjukuu akaandika kwamba zawadi imependwa, ndiyo maana imehifadhiwa. Aliporudi na daftari, bibi alimwambia ameifungia ili jirani asije akamwona ameivaa, maana kuivaa ni kukubali kwamba lile jina linamhusu. Msichana yule hakuirarua karatasi. Alipiga mstari juu ya maneno yake, yakabaki yakisomeka, na chini yake akaandika ya bibi. Kwa mstari ule nilimpa alama za juu kuliko zote.