Simu isiyo na waya na siri ya kuhama

Simu ya nyumbani isiyo na waya ina sehemu mbili: kituo chake na kipande cha mkononi. Zile za kwanza zilisemezana kwa mawimbi yasiyobadilika, na jirani mwenye redio ya kufaa aliweza kusikia siri za nyumba. Baadaye zikaja zinazohama: sauti inaruka toka wimbi hili hadi lile, mara nyingi kwa sekunde, kwa mpangilio unaojulikana na sehemu hizo mbili tu.

Hedy Lamarr, mzaliwa wa Vienna aliyehamia Marekani, na George Antheil walipewa hati ya uvumbuzi wa mbinu ya namna hiyo mwaka 1942, ili adui asivuruge silaha za majini.

Familia zilizokimbia vita Kivu zinaelewa haraka: kuhama peke yake hakuokoi, inafaa mama na watoto wapatane mapema watakutana wapi.