Vifungo vya Blauzi



Siku ile ulipoandika jina lako kwa mara ya kwanza, ulifanya nini? Mzee mmoja wa darasa letu hapa Mikumi alitoka nje na karatasi yake, akaipeleka nyumba kwa nyumba. Akina mama walimpigia vigelegele. Mzee yule alikuwa bado hajui kusoma gazeti. Alijua herufi za jina lake tu. Lakini jana yake hakujua hata hizo.

Mimi nataka kukueleza habari za vifungo vya blauzi yangu.

Mimi ni afisa wa elimu ya watu wazima, mwenye cheti. Umri wangu ni miaka 38. Nilizaliwa Kilosa mjini, karibu na reli. Kazi yangu ni kutembelea madarasa ya vijiji vya upande wa Mikumi. Ni kazi ya mikono. Unaandika ubaoni, unaendesha baiskeli, unashika mkono wa mwanafunzi anayeanza kuandika.

Miaka mitano iliyopita vidole vyangu vilianza kuvimba, vya mkono wa kulia na wa kushoto pamoja. Kila asubuhi vilikakamaa kwa saa nzima au zaidi. Sikuweza kusonga ugali. Sikuweza kukamua nguo. Darasani chaki ilinianguka mara tatu, nne, nami nikasingizia jasho. Majirani walisema nimerogwa. Nilikwenda kwa mganga, nikatoa mbuzi wawili. Mbuzi walikwenda, uvimbe ukabaki.

Bibi yangu alikuwa mwanafunzi wa vikundi vya redio vya kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973. Huko alijifunza kuchimba choo na kujikinga na malaria na kichocho. Alipoiona mikono yangu aliniuliza, "Mjukuu wangu, umeyapata wapi haya?" Lilikuwa swali zuri. Malaria huletwa na mbu, na kichocho hutoka katika maji machafu. Lakini mimi sikuwa na jibu.

Jibu nililipata Morogoro, baada ya kupimwa damu. Daktari alisema ni baridi yabisi. Sisi wengi huita baridi yabisi kila maumivu ya viungo, na kwa sababu ya jina tunadhani huletwa na maji ya baridi au kulala sakafuni. Hii yangu sivyo. Daktari alinieleza hivi. Mwili una askari wake wa kupigana na magonjwa. Kwangu mimi askari hao wamekosea adui. Wanashambulia viungo vya mwili wenyewe. Ni kama mgambo waliowekwa kulinda shamba, kisha usiku wakaanza kufyeka mahindi.

Ugonjwa huu hauambukizi. Ukila na mimi sahani moja hutaupata. Huwapata wanawake mara mbili au tatu zaidi ya wanaume. Hauponi kabisa, lakini zipo dawa za kuwatuliza askari hao.

Dawa yangu inaitwa methotreksati. Hapa nakuomba usome polepole. Dawa hii humezwa mara moja tu kwa wiki. Mtu akiimeza kila siku, inaweza kumuua. Mwenye mimba haruhusiwi kuimeza. Kila baada ya muda napimwa damu, ili ijulikane kama ini liko salama. Juu ya boksi nimeandika kwa kalamu nene: JUMATATU. Siku nyingine humeza vidonge vya foliki, vya kupunguza madhara yake. Watu huniuliza kusoma kunamfaa nini mtu mzima. Siku hizi nawaonyesha boksi hilo.

Dawa haifanyi kazi kwa siku moja. Hupita wiki nyingi. Nami kila asubuhi nilijiuliza, "Je, nimepona?" Kila asubuhi jibu lilikuwa hapana. Nikachoka. Nikaandika barua ya kuomba kuacha kazi, nikaiweka ndani ya mkoba.

Mama mmoja wa darasani, mkulima wa mpunga, aliniona nimekaa kimya. Alisema, "Mwalimu, wewe hutukataza kujilinganisha na watoto wa shule. Unatuambia tujilinganishe na jana yetu. Wewe unajilinganisha na nani?"

Sikumjibu. Lakini jioni ile nilichukua daftari, nikaandika: "Leo nimefungua chupa ya chai bila kuomba msaada." Wiki ya pili niliandika: "Nimekamua kanga, si vizuri." Baadaye: "Nimekakamaa nusu saa tu." Mambo madogo sana, utasema. Kwa mwenye mikono mizima ni madogo kweli. Nilipowasomea wanafunzi habari ya chupa ya chai, walipiga vigelegele mpaka watu wa barabarani wakasimama.

Mzee yule wa jina alinitengenezea kitu. Alitoboa gunzi la hindi katikati, akaingiza chaki. Gunzi ni nene, vidole havihitaji kulibana. Siku hiyo niliandika ubaoni mistari minne. Ile barua niliitumia kuwashia moto.

Sasa nikueleze kosa langu. Mwezi wa nane wa dawa nilicheza ngoma harusini mpaka usiku. Asubuhi sikuumwa. Nikasema, basi, nimepona, na yule daktari hajui kitu. Nikaacha dawa bila kumwuliza mtu. Daftari lilikuwa limejaa mambo mazuri, nikalisoma kama cheti cha kupona. Baada ya wiki chache sikuweza kuinuka kitandani, na binti yangu alinilisha uji kwa kijiko. Kiungo kimoja cha kidole kilipinda wakati ule, nacho hakijanyooka hadi leo. Nilirudi kwa daktari kwa aibu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Nafuu uliyoandika ni ya kweli. Lakini iliandikwa wewe ukiwa na dawa."

Mwezi uliopita nilikwenda Kilosa kuchukua vitabu vya madarasa. Basi lilipita Ulaya. Usicheke, Ulaya ni kijiji chetu, kiko njiani, na mavumbi yake nayajua tangu utoto. Nilishuka basi bila kushikwa mkono. Vitabu nilibeba nusu, nusu alibeba kijana wa pikipiki, nami nikamlipa. Zamani ningeona haya kugawana mzigo na mtoto. Sasa nimeandika hivi: "Nusu ya vitabu, mwenyewe."

Blauzi yangu ya kazi ina vifungo vitano. Asubuhi ya leo nilikakamaa dakika 20. Vifungo vinne nimefunga mwenyewe. Cha shingoni amekifunga binti yangu.