Mzigo mwepesi, safari ya salama

Watoto wakiwa likizo wengi wetu tunawapeleka Wagenia, kuwaona wavuvi wakifunga vikapu vikubwa kwenye miti iliyosimikwa ndani ya maji. Tukiwa pale, tuwape na habari hii.

Hapo ni mwisho wa maporomoko saba ya Boyoma, yanayoanzia upande wa Ubundu. Januari 1877 msafara wa Stanley ulipita hapa na mashua yake, Lady Alice, iliyoundwa kwa vipande ili ibebeke mabegani. Penye maji matulivu iliwabeba watu. Penye poromoko watu waliibeba, pamoja na mitumbwi mizito, wakikata njia msituni. Kazi hiyo ilichukua takriban majuma matatu. Ndani ya msafara walikuwemo wanawake na watoto.

Siku hizi kuna wasafiri wa porini wenye mashua ya kujaza upepo, ya kilo chache tu, inayokunjwa ikaingia mkobani. Sisi tunaokwenda Yangambi au Isangi kwa mtumbwi hatuna hiyo, lakini sheria ni moja: mzigo upungue.

Tazama ukingo wa mtumbwi. Ukikaribia maji, ngoja mwingine. Mtoto avae jile ya kuokoa maisha. Mchanga umpakate mbele, usimfunge mgongoni. Chukua chikwange, dawa na kitenge kimoja, vyote ndani ya mfuko wa plastiki. Magunia yafuate na mashua kubwa.

Gunia likizama, tutanunua lingine.