Mfungo Una Mwisho, na Mwisho Wake ni Meza

Leo nina neno ambalo halisikiki sana madhabahuni. Ni neno kuhusu chakula.

Fungua Marko sura ya 5. Binti wa Yairo ana miaka 12, amekufa, nyumba imejaa kilio. Yesu anamshika mkono, naye anasimama na kutembea. Kama ingekuwa kwetu, kinanda kingelia hapo hapo na mtoto angepewa kipaza sauti atoe ushuhuda. Yesu aliagiza apewe kitu cha kula. Tafakari hapo. Aliyemtoa mtoto mautini alijua kwamba aliyefufuka bado ana tumbo.

Nasema haya kwa sababu sisi ni watu wa kufunga, na kufunga ni kwema. Januari tunaanza mwaka magotini, na wengi wenu mmeona mkono wa Mungu. Lakini mpendwa, mfungo unaweza kuwa mahali pa ugonjwa kujificha. Mtu anakonda, na sisi tunasema, "Huyo ni mwombaji."

Mama mmoja alinifuata baada ya ibada ya Jumatano. Akaniambia, "Pasta, binti yangu anafunga sana. Mwanzoni nilifurahi. Lakini pakiti ya unga kwangu huisha siku ya tatu. Sasa inafika ya nne, ya tano." Mama huyo hakusomea udaktari. Alisoma pakiti ya unga.

Niliketi na binti, mama yake akiwa hapo. Nikamuuliza, "Binti yangu, mfungo huu unaisha lini?" Akanyamaza. "Na ukifungua, unakula nini?" Machozi yakaanza. Akasema, "Pasta, nikila naona kama nimetenda dhambi. Usiku nikizidiwa nakula kila kitu kilichobaki, halafu natapikia kwa ndoo kabla mama hajaamka."

Tuliomba pamoja. Asubuhi mama akampeleka kliniki. Nesi alimpima uzito na presha, akatolewa damu, akaulizwa kuhusu hedhi yake. Ilikuwa imekoma miezi kadhaa. Sasa anaonana na mshauri, na anakula kidogo kidogo mara tatu kwa siku, mama akiwa mezani naye. Hajapona kabisa. Jumapili bado anaimba kwaya akiwa ameketi. Lakini anaishi, na amekubali niwaandikie haya bila jina lake.

Mpendwa, ugonjwa huu upo, na madaktari wanaujua. Kuna anayejinyima hadi mwili unaisha, kwa sababu anaogopa kunenepa hata akiwa mwembamba. Kuna anayekula kupita kiasi kisha anatapika ama anameza dawa za kuharisha. Kuna anayekula kwa siri bila kutapika, akijichukia kila siku. Mwili ukikosa chakula muda mrefu huanza kula misuli yake wenyewe, na moyo ni msuli. Mtu husikia baridi wakati wengine wana joto, nywele zinakatika, kizunguzungu kinamshika akisimama. Anayetapika kila mara hupoteza madini ya potasiamu, na moyo unaweza kupoteza mpigo wake ghafla. Tena si ugonjwa wa wasichana wa Lavington peke yao. Huingia hata nyumba ya mabati, na vijana wa kiume pia huupata.

Kuna jambo lingine ambalo sisi wachungaji wa Kenya hatuwezi kulinyamazia. Aprili 2023 nchi hii ilianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Miili zaidi ya 400 ilitolewa, watoto wakiwemo, na wengi walikuwa wamekufa njaa. Walikuwa wameambiwa kwamba kwa kufunga hadi kufa watakutana na Yesu. Tangu siku hiyo, mchungaji yeyote anayehubiri mfungo anapaswa pia kuhubiri mwisho wake.

Esta alifunga siku tatu pamoja na watu wake. Siku ya tatu aliandaa karamu na kumkaribisha mfalme. Mfungo wake ulikuwa na tarehe, ulikuwa na sababu, na ulifika mezani. Kwa hiyo jipime kwa maswali haya. Mfungo wangu una siku ya mwisho? Naweza kufungua bila hofu wala aibu? Ninamtafuta Mungu, ama ninautafuta mkanda wa suruali? Kama unaogopa sahani kuliko unavyomtamani Mungu, simamisha mfungo leo, umwambie mtu.

Na wewe mama mjamzito, wewe unayenyonyesha, wewe mwenye sukari, wewe uliye kwenye dawa za TB ama ARV: usifunge wala usiache dawa kabla ya kuongea na daktari wako. Mungu hatakuhesabia kumeza tembe kuwa ukosefu wa imani. Watoto nao wale. Na aliyekaa siku nyingi bila chakula asifungue kwa sahani kubwa. Apelekwe hospitali kwanza, maana chakula kingi kwa ghafla kinaweza kuvuruga madini ya damu na kumwua.

Najua kuna anayeuliza, "Pasta, na mimi ambaye uzito umezidi?" Wewe pia usijinyime kwa hasira. Nusu ya sahani iwe mboga: sukuma, managu, kabeji. Robo iwe ugali ama wali. Robo nyingine iwe maharagwe, ndengu, omena ama yai. Omena ya kupima pale sokoni ina protini na madini ya mifupa, usiidharau. Punguza soda, chupa ya nusu lita ina zaidi ya vijiko 10 vidogo vya sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi kwa wiki, yaani nusu saa ya kutembea haraka kwa siku tano. Kama unatoka Kibera kwa miguu kufuata reli hadi Industrial Area, ama Kawangware hadi Kileleshwa kufua nguo kutwa nzima, hayo tayari umeyapita. Wewe unahitaji kula vizuri na kulala. Zile chai za kukata tumbo zinazouzwa kwa simu zinakuharisha maji tu. Mafuta yanabaki pale pale.

Sasa tuongee kuhusu ulimi. Mtu akinenepa tunamwambia mbele ya watu, "Umeanza kuwa tanki." Akikonda tunanong'ona kwamba ni mgonjwa. Akikonda zaidi tunampa zamu ya maombi. Wazee wa kanisa, mama wa idara, tuache kuuzungumzia mwili wa mtu mlangoni mwa kanisa. Muulize kama amekula, kisha umsikilize anavyojibu.

Na kuna wale ambao hawajafunga, ila hawana. Mama anawaambia watoto, "Leo tunaomba," kwa sababu jiko limezimika tangu jana. Hiyo usiite mfungo. Ni njaa, na Isaya 58 imeliwekea kanisa deni: mfungo anaoutaka Mungu unaishia kwa kumpa mwenye njaa mkate wako. Ukifunga chakula cha mchana wiki hii, chukua ile pesa ununue unga, upeleke kwa jirani kabla jua halijatua.

Kama ujumbe huu umekugusa wewe mwenyewe, ama unamjua mtu ambaye sahani yake inarudi imejaa, usingoje Jumapili. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, ama mwone mhudumu wa afya wa kijiji chako, uniandikie faraghani. Sitamwita mtu mbele. Nitakaa nawe, na mama mchungaji atapika uji.

Baba, uliyemwinua binti wa Yairo na ukakumbuka njaa yake, wainue watoto wetu. Waondolee hofu ya chakula. Tupe macho ya kuona pakiti ya unga. Katika jina la Yesu, amina.

Ubarikiwe, mpendwa. Na kama hujala leo, kula.