Visu vya Kinmen: Chuma cha Vita Kilichoingia Jikoni

Kutoka mji wa Xiamen, katika pwani ya kusini-mashariki ya China, tulipanda feri, na baada ya muda wa kama nusu saa tukateremka Kinmen, kisiwa kilicho chini ya Taiwan. Kutoka ufuo wake majumba ya Xiamen huonekana ng'ambo ya maji.

Ukaribu huo ndio uliokiponza kisiwa. Tarehe 23 Agosti 1958 mizinga ya bara ilianza kukipiga, na katika siku 44 yaliangukia huko makombora zaidi ya 470,000. Raia na askari walipoteza maisha. Baadaye mizinga ikawa inalia siku moja na kunyamaza siku ya pili, hadi mwanzo wa mwaka 1979. Makombora mengi ya miaka hiyo yalibeba karatasi za propaganda. Hayo hayakusambaratika, ganda lake nene liliteremka likiwa karibu zima, shambani au juu ya paa la nyumba yenye watoto.

Wahunzi wa Kinmen wakaliona ganda lile kuwa chuma kizuri. Katika karakana ya Wu Tseng-dong, aliyerithi kazi hii kutoka kwa babu na baba yake, tulikuta makombora yenye kutu yamerundikwa kama madafu sokoni. Mhunzi hukata kipande kwa moto wa gesi, akakitia tanuurini hadi kikawa chekundu, akakifua kwa nyundo kikalala bapa. Kisha hukichonga umbo, akakizamisha ili kikaze, akakisugua na kukinoa. Mwisho hukipachika mpini. Ganda moja hutoa visu kama 60: vya kukatia nyama, samaki na mboga.

Na wanunuzi ni nani? Miongoni mwao wamekuwemo wageni watokao bara, kulikotoka makombora yenyewe. Mama huchagua kisu, akakijaribu makali, akakifunga vyema na kukipeleka nyumbani kwake.

Nasi tulikumbuka kwamba Mwenyezi Mungu ameipa sura nzima jina la chuma, Al-Hadid, na katika aya yake ya 25 ametaja ndani ya chuma nguvu kali na manufaa kwa watu. Tukamkumbuka pia Nabii Daud, alayhi salaam, aliyelainishiwa chuma mkononi. Chuma ni kile kile. Linalotofautiana ni nia ya mkono unaokishika.

Kisu cha Kinmen hakiwafufui waliokufa, wala wazee wa kisiwa hawajausahau mlio wa mizinga. Lakini wao hawakuwarithisha watoto wao chuma kile kama silaha. Kila nyumba ina machungu yake yaliyoangukia uani bila kuitwa. Wazazi wenzetu, tutazame tunawaachia wana wetu nini: kombora, au kisu cha kuandalia chakula cha wageni?